Akiba ya Mkaa na Taa: Inaingia Mfuko wa Nani?

Na Mratibu wa Matawi



Siku hizi ukiingia kiwanda chochote utaona karatasi zimebandikwa ukutani: Zima taa. Funga bomba. Usitupe ovyo. Karatasi hizo huletwa na ofisi, na mfanyakazi akizisoma hucheka, maana nyumbani kwake taa ni moja, bomba hakuna, na cha kutupa hajakipata. Kicheko hicho nakifahamu sana lakini sikubaliani nacho. Nataka kusema mambo mawili ambayo wenzetu wengi huona hayakai chungu kimoja. La kwanza, tabia ndogo ndogo za kuhifadhi moto, maji na chakula ni mali kamili kwa mfanyakazi, tena ni mali ambayo hakuna karani awezaye kuikata kwenye karatasi ya mshahara. La pili, mfanyakazi asiokoe hata senti moja ya kampuni bila ya kuuliza senti ile inakwenda wapi.

Naanza na jiko, kwani huko ndiko mshahara mwingi unakoteketea.

MKAA WA KISMAYU

Sisi watu wa pwani ya Kismayu na wa visiwa vya Wabajuni, kuanzia Koyama na Chovai mpaka Chula, halafu kuteremka hadi Ras Kiamboni, hatuna haja ya kufundishwa mkaa ni kitu gani. Tumeuona ukipita mbele ya macho yetu. Zamani, kabla ya serikali kuanguka mwaka 1991, mkaa ulichomwa kwa ajili ya majiko ya mijini, na kuupeleka nje ya nchi kulikatazwa. Serikali ilipovunjika, katazo nalo likavunjika. Vyombo vikaanza kupakia mkaa wa mgunga, ule mti ambao Wasomali huuita galool, na kuupeleka Arabuni. Kule haupikii uji wa mtoto. Unachomea nyama za matajiri na kuwashia shisha.

Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2036, likakataza mkaa kutoka Somalia na likazitaka nchi zote zisiupokee, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zinawalisha Al-Shabaab. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, majeshi ya Kenya pamoja na wenzao wa Kisomali yaliingia Kismayu, na wakakuta magunia ya mkaa yamepangwa kama milima, mamilioni ya magunia. Ungedhani biashara ingekoma hapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika katika taarifa yao ya mwaka 2013 kwamba mkaa uliendelea kutoka hata baada ya Al-Shabaab kuondolewa mjini. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema kati ya mwaka 2011 na 2017 ilikatwa miti ipatayo milioni 8.2 kwa ajili ya mkaa katika Somalia.

Hapa nataka nisieleweke vibaya. Mchoma mkaa simlaumu. Ni mfanyakazi kama wewe, ila yeye hana mkataba, hana glavu, hana bima, na bei ya gunia anatajiwa na mwenye lori. Mchukuzi wa bandarini naye ni hivyo hivyo, mgongo wake ndio winchi. Faida ilikuwa kwa mwenye chombo, kwa mwenye bunduki aliyetoza ushuru njiani, na kwa tajiri wa ng'ambo aliyebadilisha karatasi ili mkaa wa Somalia usomeke kuwa wa nchi nyingine. Watu hao watatu hawakuwahi kushika shoka.

Lakini tazama hesabu ya tanuri lenyewe. Tanuri la udongo la kienyeji, lile la kufukia magogo chini ya majani na mchanga, hula kilo 5 mpaka 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Yaani kabla mkaa haujafika jikoni kwako, sehemu kubwa ya mti imekwisha kupotea. Kwa hivyo kila kipande cha mkaa unachokihifadhi usikihesabu kuwa kipande. Nyuma yake kuna gogo.

Tuchukue nyumba moja ya mtaa wa Shaqaalaha pale Kismayu, mtaa ambao jina lake kwa Kisomali ni "wafanyakazi". Tuseme nyumba hiyo inatumia kilo 3 za mkaa kwa siku kwa chai, chakula cha mchana na cha usiku. Ikipunguza theluthi moja tu, imebakiza kilo moja kwa siku, kilo 365 kwa mwaka. Kwa tanuri linalokula kilo 7 za kuni kwa kilo moja ya mkaa, hizo ni zaidi ya tani mbili na nusu za mti uliosimama. Na fedha ya kilo 365 uihesabu mwenyewe kwa bei ya dukani kwako, maana wewe ndiwe uijuaye.

Wako wanaouliza: kama miti milioni nane imekwenda, mama mmoja akifunika sufuria atazuia nini? Jibu langu ni fupi. Hafuniki sufuria ili azuie chombo kisiende Arabuni. Kazi hiyo ni ya serikali, ya mabaharia na ya vyama vyetu. Anafunika sufuria ili mkaa wa siku mbili ufike siku tatu. Asilaumiwe yeye kwa dhambi ya chombo, na asiambiwe kuwa mfuniko wake hauna maana.

MAMBO YENYEWE YA JIKONI

Nitayataja kama yalivyo, kwani makala nyingi husema "tuhifadhi nishati" halafu hazisemi namna.

Maharagwe, kunde, mbaazi, pure ya mahindi, na ambulo wanayoipenda wenzetu Wasomali, vyote vilowekwe tangu usiku. Nafaka iliyolala majini huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko ile iliyotoka guniani sasa hivi. Hili kila bibi analijua, lakini siku hizi tunarudi kazini tumechoka, tunakumbuka maharagwe saa kumi na mbili jioni, basi jiko linawaka mpaka saa nne.

Sufuria ifunikwe. Maji yakichemka, moto upunguzwe. Maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto kuliko yanayotokota pole pole, yanakauka upesi tu. Mkaa uvunjwe vipande vinavyolingana. Jiko liwekwe mahali pa kukinga upepo. Sisi wa visiwani twajua kusi linavyovuma, na ukiliacha jiko uwanjani mchana wa kusi basi unampikia upepo.

Chakula kikiisha kuiva, usiache makaa yaishe yenyewe. Yafukie kwa jivu au uyatie katika debe lenye mfuniko wa kubana, yakose hewa yazimike, na kesho uyatumie tena. Usiyamwagie maji, maana yatavunjika na yatakusumbua kuwaka. Na jambo moja nalisema kwa mkazo: jiko lenye makaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, hata iwe baridi namna gani, hata iwe mvua. Hewa yake haina harufu, na imeua watu wengi waliodhani wanajipasha moto.

Kuna ujanja mwingine ambao naona haujulikani vya kutosha, nao ni kapu. Chukua kapu kubwa la ukindu, litandike ndani kwa matambara, nyuzi za makumbi au pamba ya godoro bovu, unene wa shubiri moja kila upande. Wali ukichemka dakika chache, au nyama ikianza kulainika, ipua sufuria na mfuniko wake, itie kapuni, ifunike juu kwa mto wa matambara, ufunge. Joto halina pa kutokea. Wali utajimalizia wenyewe na mkaa umeokolewa. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe vizuri kwanza, angalau nusu saa, ndipo yaingie. Mama wa zamu ya usiku anaweza kuondoka nyumbani ameacha chakula kapuni, na watoto wakakikuta cha moto bila ya kuwasha chochote. Chai ni vivyo hivyo, itiwe kwenye chupa mara moja asubuhi. Nyumba inayochemsha chai mara tano kwa siku inanunua mkaa wa nyumba mbili.

Halafu jiko lenyewe. Jiko la bati tupu hupasha hewa na miguu ya mpishi zaidi kuliko sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya, wakiwemo wale wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand wakalibadilisha wakapata jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani. Jiko hilo huokoa theluthi ya mkaa na hata zaidi likitumiwa vizuri, na limeenea Afrika ya Mashariki nzima. Somalia nayo ilikuwa na hekima yake tangu zamani: jiwe jeupe jepesi la El Bur, ambalo mafundi hulichonga kuwa vyetezo na majiko. Jiwe lile hushika joto. Siyo lazima kila jambo jema litoke kwa wafadhili likiwa na nembo ubavuni.

Sasa ndugu zangu wanaume, nina neno nanyi. Haya yote niliyoyataja nani anayafanya? Wake zetu, mama zetu na dada zetu, ambao wengi wao nao wametoka zamu ile ile kwenye kiwanda kile kile. Mwanamume anarudi, anasema mkaa unakwisha upesi mno nyumba hii, halafu anataka maji ya moto ya kuoga, chai ya pili, na chakula kipashwe kwa kuwa amechelewa barazani. Kuloweka kunde hakuhitaji ndevu wala hakuziondoi.

Juu ya maji sitasema mengi, kwa kuwa watu wa visiwani ndio walimu. Kiwayuu, Ndau na Kizingitini, upande wa Lamu, watu wamejenga jabia, ule uwanja wa saruji unaokusanya mvua na kuipeleka katika birika chini ya ardhi. Mtu aliyelelewa kwa maji ya jabia hamwagi maji ya kuoshea mchele. Hunyweshea kuku au mche. Na mnazi ni hivyo hivyo: tui limeliwa, chicha imekwenda kwa kuku, kifuu kimekuwa upawa au kuni, makumbi yamekuwa kamba. Hatukusoma somo hili katika kitabu chochote. Tulilisoma kwa kukosa, na huo si ufukara wa kuuonea haya.

Mahali ambapo tunapoteza kweli kweli ni samaki. Mvuvi anatumia petroli kwenda na kurudi, anavua, na anapofika hana barafu. Anayeuza barafu anaileta imefunikwa gunia moja kavu, nusu yake imekwisha kuwa maji. Barafu ile ikizungukwa na maranda ya seremala, magunia mawili na ikawekwa kivulini, hukaa muda mrefu zaidi. Na samaki asiyepata barafu apasuliwe akiwa mbichi bado, atiwe chumvi, aanikwe juu ya uchanja na siyo juu ya mchanga. Ng'onda mzuri ni samaki aliyeokolewa, na ng'onda anayenuka ni petroli iliyomwagwa baharini.

KIWANDANI

Hapa ndipo penye ugomvi.

Katika nyumba yenye umeme, balbu ya zamani ya waya ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga kama ule ule, kwa saa zile zile hula uniti moja na sehemu kidogo. Tofauti hiyo ni yako, utanunulia sukari. Umeme wa Somalia kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa umeme ghali kabisa duniani, kwani ulitoka kwenye jenereta za dizeli za watu binafsi, kwa hivyo mwenzetu wa Kismayu anayebadilisha balbu anapata faida kubwa kuliko hata yule wa Mombasa.

Lakini kiwandani ukizima mashine inayozunguka bure, ukifunga bomba la mvuke linalovuja, ukaripoti mpira wa hewa unaopiga mluzi tangu mwezi uliopita, tofauti ni ya nani? Uniti zilizobaki siyo 8. Ni mamia, na pengine maelfu. Na anayejua mahali zinapopotea siyo meneja. Meneja huona karatasi ya bili. Mfanyakazi wa boila ndiye anayesikia mvuke ukitoka, na mwendesha mashine ndiye anayejua mota ipi huachwa ikizunguka wakati wa chakula kwa sababu swichi yake iko mbali. Ujuzi huo ni mali yetu, tumeupata kwa masikio na mikono yetu.

Wazee wetu wa bonde la Juba wanaijua habari hii. Kiwanda cha sukari cha Mareerey, karibu na Jilib, kilianza kusaga miwa mwaka 1980. Kiwanda cha sukari kina neema ambayo viwanda vingi havina: karibu theluthi ya uzito wa miwa hubaki kuwa makapi, na makapi hayo hutiwa katika boila, yakatoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Kiwanda kinajipikia kwa maganda yake. Makapi yakilowa mvua kwa kuachwa nje, kiwanda kinakwenda kununua mafuta mazito. Kwa hivyo yule kibarua anayefunika makapi kwa turubai alikuwa na anaendelea kuwa mtu wa maana sana katika kiwanda chochote cha sukari, ingawa jina lake huandikwa mwisho katika orodha. Mareerey kilibomolewa na kuporwa katika vita baada ya mwaka 1991, pamoja na kazi nyingine nyingi za bonde lile. Uharibifu wa namna hiyo hakuna kufunika sufuria kunakoulipa.

Tanga kuna mfano mwingine, na wafanyakazi wa mashamba ya katani wausikilize. Katika kila tani ya majani ya katani yanayoingia katika mashine, nyuzi kavu zinazotoka hazifiki hata kilo 50. Zilizobaki ni maji na makapi, na kwa miaka mingi yalitupwa yakanuka na kuharibu mito. Mwaka 2008 pale Hale ulifunguliwa mtambo unaoyachachua makapi hayo yakatoa gesi, na gesi ikatoa umeme. Kile kilichokuwa uvundo kikawa taa. Nawapongeza waliofanya hivyo.

Lakini sasa njoo Mumias, magharibi ya Kenya. Mwaka 2009 kampuni ya sukari ya hapo ilianza kuendesha mtambo wa megawati 34 kwa makapi ya miwa, na megawati 26 ikawa inaziuza katika gridi ya taifa. Magazeti yalisifu, na ilistahili sifa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, kampuni ile ile ilikuwa imezama katika madeni na ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Wafanyakazi walikuwa wanadai mishahara yao, na wakulima wanadai bei ya miwa. Basi mtu asije akatuambia kwamba kiwanda kinachookoa moto kitamwokoa mfanyakazi chenyewe. Moto ulihifadhiwa katika boila, fedha zikavujia mahali pengine, mahali ambapo mfanyakazi wa boila hana ufunguo.

Nami nimeona kwa macho yangu kiwanda kimoja, ambacho sikitaji, walipoanza kampeni ya kuhifadhi umeme. Jambo la kwanza waliloondoa ni feni za chumba cha kufungashia. La pili, wakang'oa taa moja katika kila mbili za zamu ya usiku. La tatu, wakafunga bomba la maji ya kunawia dakika kumi kabla ya zamu kwisha, eti watu wanacheza na maji, na watu hao mikono yao ilikuwa na dawa. Kiyoyozi cha ofisi kilikuwa kinanguruma madirisha yakiwa wazi. Mwisho wa mwezi bili ilishuka, msimamizi akapewa barua ya shukrani, na msichana mmoja wa zamu ya usiku alikatwa kidole kwa kuwa hakuona vizuri mahali kisu kilipo. Huko siko kuhifadhi. Huko ni kuchukua gharama iliyokuwa ya kampuni na kuitia katika mwili wa mfanyakazi.

Tangu siku hizo nimejifunza kuuliza swali moja kila nikisikia kampeni: je, kinachopunguzwa ni upotevu au ni haki? Mashine inayozunguka bure ni upotevu. Taa juu ya kisu ni haki. Mvuke unaotoka katika tundu ni upotevu. Maji ya kuoshea dawa mikononi ni haki. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuvipanga vitu hivi katika mafungu mawili, lakini wahasibu wengine wanashindwa, kwa kuwa katika bili vyote vimeandikwa kwa nambari ya namna moja.

Wapo ndugu katika chama wanaosema: basi tusijiingize kabisa, kampuni ihifadhi umeme wake yenyewe. Nawaheshimu lakini naona wanakosea. Kwanza, kampuni ikishindwa kulipa bili hufunga zamu, na zamu inayofungwa siyo ya mameneja. Pili, tukinyamaza tunaacha mlango wazi ili wang'oe feni. Anayekaa nje ya chumba cha mazungumzo ndiye anayepangiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ujuzi wa mahali kiwanda kinapopoteza ni silaha katika majadiliano. Meneja akisema hakuna fedha za kuongeza mshahara, mjumbe wetu aweze kumwambia: fedha ziko katika bomba la tatu ukutani, linavuja tangu Ramadhani, tumeandika katika daftari tarehe na saa.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa matawi ni kama ifuatavyo, nalo ni la kujadiliwa, siyo amri.

Kila tawi lichague watu wawili, mmoja wa boila au karakana na mmoja wa mashine, na nusu yao nchini wawe wanawake. Wawe na daftari. Waandike mita ya umeme inavyosoma mwanzo na mwisho wa mwezi, na waandike kila mahali panapovuja, iwe mvuke, maji, hewa, mafuta au malighafi. Bila ya kupima kabla hatutaweza kuthibitisha baada, na kampuni itatuambia bili imeshuka kwa sababu ya mvua.

Halafu katika mkataba wa pamoja unaokuja tutie kifungu kinachosema kwamba akiba inayopatikana kwa kazi ya wafanyakazi igawanywe, na sehemu yetu itajwe kwa nambari, siyo kwa maneno matamu ya "motisha". Tutie pia kifungu kwamba mwanga, hewa, maji ya kunawa na maji ya kunywa haviguswi na kampeni yoyote bila ya sahihi ya mjumbe wa usalama kazini. Sehemu yetu ya akiba ya mwaka wa kwanza, maoni yangu ni kwamba isigawanywe mkononi, maana ikigawanywa itakuwa kilo ya sukari kwa kila mtu na itasahauliwa. Inunue majiko ya udongo kwa wanachama wote kwa bei ya karakana, na balbu mbili mbili kwa wenye umeme. Wengine watapinga hili. Wapinge mkutanini, tusikie hoja zao.

Na kabla sijasahau, jiko la mgahawa wetu wenyewe wa wafanyakazi. Matawi mengi niliyotembelea bado yanapika kwa mafiga matatu, kuni zimerundikwa mvuani, sufuria ya wali ya watu 80 haina mfuniko kwa kuwa mfuniko ulipotea zamani, na mpishi anakohoa asubuhi mpaka jioni. Hapo hatuhitaji meneja wala mkataba. Mafundi wa bati na waashi tunao ndani ya chama. Matawi yatakayojenga jiko la mgahawa lenye dohani yaandike katika taarifa ya robo mwaka gharama ya matofali na bati, na kuni zilizotumika kabla na baada, nasi tutazichapa hapa katika toleo lijalo ili matawi mengine yaone hesabu.